Mguu wa Baba Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza miguu. Si viatu, miguu. Mtu akikatwa wa kwake ananijia, namtengenezea mwingine, anarudi kwao akitembea. Nilisomea kazi hiyo Nairobi, na katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi pekee wa miguu ya bandia katika karakana ya hospitali moja mjini Kisii: chumba kimoja kilichojaa vumbi la plasta, meza ya kukatia, na vyuma viwili vya kujishikia wagonjwa wanapojifunza kutembea. Nilijiona mtu wa maana. Wagonjwa walitoka Marani, walitoka Keroka, wote wakaniita daktari, na mimi sikujisumbua kuwasahihisha.

Kisha baba mkwe akaangukiwa na mti.

Alikuwa anaukata mwenyewe, mkaratusi nyuma ya boma, huko kwetu Nyamira, si mbali na Kebirigo. Tulimwambia aite watu wenye msumeno. Akasema mti aliupanda yeye, utamsikiliza. Haukumsikiliza. Ulimlalia mguu wa kulia, madaktari wakaukata chini ya goti, na yule aliyemkata akaniita pembeni. Goti tumeliokoa, akaniambia, lakini ngozi ya pale bado changa. Kigutu kikifanya kidonda na kidonda kikaingia usaha, itabidi turudi tukate juu ya goti. Kwa mtu wa mjini, kukosa goti ni shida. Kwa mzee ambaye chai yake imepandwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi hufikiria kabla ya kuushuka, kukosa goti ni kuketi kwenye kiti mpaka siku ya kuzikwa. Nilimweleza mume wangu hivyo hivyo. Akashusha pumzi, akasema, "Basi bahati nzuri fundi tunaye nyumbani."

Bahati nzuri, ee.

Sisi Wakisii tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ukitaka kukisema kwa Kiswahili, sema ni heshima, ongeza na haya, kisha uzifunge pamoja kwa kamba ngumu. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, haketi karibu naye, na mwili wa mzee kwake haupo. Mzee ni koti na kofia vinavyotembea. Miaka minane tangu niolewe, sikuwahi kuona goti lake, wala sikuwa na hamu. Lakini mguu wa bandia huanza kwa fundi kukichukua kigutu mikononi, kikiwa kitupu, na kukipapasa. Hapa mfupa. Hapa nyama. Hapa ukibonyeza mtu anaruka. Unatafuta kwa vidole mahali ambapo mwili unakubali kubebeshwa uzito na mahali unapokataa, na kila mara unauliza, "Hapa je?" na mwenyewe anakujibu. Bila kushika na bila kuambiwa, wewe si fundi wa miguu, wewe ni seremala.

Nilimwambia mume wangu achukue vipimo yeye, nitamfundisha. Alinitazama kana kwamba nimemwambia akamvue askofu kanzu. Chinsoni inamfunga mtoto wa kiume vile vile. Nikapendekeza aitwe mwenzangu mwanamume kutoka Nairobi. Mzee akakataa, tena kwa kelele. Hospitali alikuwa ameapa kutoikanyaga tena, kwa mguu wowote. "Nishikweshikwe na mtu wa Nairobi," akamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kutosha kunifikia jikoni, "na fundi ninaye hapa nyumbani?" Kanisani na sokoni alinisifu mpaka watu wakachoka: mke wa mwanangu anatengeneza miguu, ngojeni mtaona. Alinitaka nimtengenezee mguu. Alichokataa ni mimi kuwa na habari kwamba ana mguu.

Ikabaki mama mkwe. Yeye ni mkewe, anaruhusiwa. Nilimfundisha siku mbili kwa kutumia mguu wa meza: unavalisha kigutu soksi nyembamba, unalowesha bendeji ya plasta kwenye maji, unazungusha, unabonyeza kwa vidole gumba chini kidogo ya pia ya goti, unangoja ikauke, unavua ganda lako. Siku ya kazi tukatundika shuka katikati ya sebule. Mzee na mkewe upande mmoja, mimi upande wa pili nikitoa amri kwa shuka.

"Mama, umezungusha?"

"Nimezungusha."

"Plasta ikianza kukauka itapata joto. Muulize anasikiaje."

Mnong'ono. Kisha mama mkwe: "Anasema mbuya mono."

Mbuya mono maana yake ni vizuri sana. Ningejua mapema ni mara ngapi nitalisikia neno hilo, ningekusanya vyombo vyangu siku hiyo hiyo nikarudi kwa wagonjwa wanaopiga kelele.

Nilibeba ganda lile hadi Kisii nikiwa nimelifunga kwenye leso. Karakanani nikalifungua, nikaingiza mkono ndani, na vidole vikakutana na kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha miguu. Mstari mrefu ulionyooka, wa kitambaa kilichopigwa pasi. Chini yake pindo, lenye mishono. Lo! Plasta ilikuwa imefungwa juu ya suruali. Nilikuwa nimechukua, kwa ustadi mkubwa, vipimo kamili vya suruali ya kanisani ya baba mkwe.

Nilirudi Ijumaa nikiwa nachemka.

"Mama, alikuwa na suruali!"

"Ulitaka avue?" mama mkwe akauliza. "Na mke wa mwanawe yumo chumba hicho hicho?"

"Kulikuwa na shuka!"

"Shuka si ukuta," akasema, akaendelea kumenya ndizi zake.

Kwa hiyo mara ya pili nilitoka kabisa nje, nikavuka ua, nikasimama katikati ya migomba, na kutoka huko nikaongoza kazi kwa kupaza sauti. "Chini ya pia ya goti! Vidole gumba viwili! Bonyeza, usimhurumie!" Mzee akavua suruali kwa sababu sikuwa chumbani, na heshima yake ikalindwa vizuri sana, isipokuwa tu majirani wa ng'ambo zote mbili za bonde walisikia kila kitu. Wiki nzima wanawake waliokuwa wakichuma chai wakawa wanaitana toka shamba hadi shamba: "Bonyeza, usimhurumie!" Nami nilipita katikati yao na kikapu changu nikijifanya sisikii.

Mguu wa kwanza ulitoka mzuri. Nasema hivyo bila haya, kikombe chake, yaani pale kigutu kinapoingia, kilikuwa kazi safi. Mzee akauvaa, akapita uani mara tatu akiwa na fimbo, akamwambia mkewe amwambie mke wa mwanawe: mbuya mono. Siku ya nne akaanguka kwenye chai. Siku ya sita akaanguka tena. Habari hizo hazikutoka kwake, nilizipata kwa matope ya koti lake kwenye kamba ya nguo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ardhi iliteleza.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Nimesoma miaka mitatu kwenye sakafu. Sakafu! Nyayo zote tulizofundishwa kutengeneza zilikuwa za kukanyaga simiti iliyopigwa maji na kufagiliwa. Nyamira ukitafuta mahali pa kuweka yai lisibingirike itabidi uulize watu. Sasa kama mzee hawezi kuniambia anasikia nini akishuka, basi nitashuka mwenyewe. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nikasema haya, tufe kidogo.

Nilijitengenezea kifaa: kikombe cha kuingiza goti langu likiwa limekunjwa, mikanda ya kulifunga, na chini yake fimbo yenye unyayo kama ule wa mzee. Nikangoja Sabato. Boma letu lote ni Waadventista, Jumamosi asubuhi hakuna binadamu anayebaki nyuma, na mimi nilikuwa na kichwa kinachouma, Mungu anisamehe. Walipokwisha kwenda nikajifunga mikanda nikashuka kwenye chai.

Hatua ya kwanza kisigino kiligonga ardhi na kulisukuma goti mbele kabla sijalipa ruhusa. Hatua ya pili niliingia kichwa kwanza kwenye mstari wa chai. Nilitoka nikaingia tena. Nilianguka mara saba, na kila nilipoanguka nilijifunza jambo ambalo mwalimu wangu hakulijua: kwamba mteremko huushuki ukiutazama, unaushuka ubavu ubavu, kwamba unyayo mgumu unakudanganya kuhusu ardhi, haukuambii jiwe liko wapi, kwamba hofu haikai kichwani, inakaa kwenye paja, paja linakakamaa na ndilo linalokuangusha. Niliporudi nyumbani nilikuwa na mikwaruzo mpaka shingoni. Mama mkwe alirudi kutoka kanisani, akanitazama, akasema kichwa changu kinauma kwa namna ya ajabu.

Nikaukata upya unyayo wa mguu wa mzee. Kisigino nikakifanya kwa mpira laini wa kandambili, tabaka juu ya tabaka, kizame kidogo kinapogusa chini. Pembeni nikaulegeza ukubali kuinama. Mbele nikaupunguza upenye kwenye gamubuti, kwa sababu kitabu kilikuwa kimesahau pia kwamba mkulima havai viatu vya ngozi shambani. Mzee akashuka na mguu huo mpaka kwenye mto na kurudi. Hakuanguka. Akapeleka majani yake mwenyewe kituo cha chai, akasimama kwenye foleni na watu. Mama mkwe aliniambia kwamba njiani alikuwa anapiga mluzi, na mimi nililia jikoni kwa sababu ya mluzi huo, nikasingizia moshi.

Bado palikuwa na kikombe. Kigutu hubadilika, husinyaa, na kikombe kilichokuwa sawa mwezi wa kwanza huanza kusugua mwezi wa tatu. Mgonjwa wa kawaida angekuja akanionyesha na kidole. Wangu angesema mbuya mono mpaka mfupa utokeze. Nikatafuta shahidi asiyejua chinsoni, nikampata: soksi. Ndani ya kikombe mgonjwa huvaa soksi, na soksi nyeupe ya pamba haina adabu, inasema yote. Jasho la kawaida huenea. Pale panapobanwa hubaki alama ya njano, na pale ngozi inapoanza kuchubuka hutokea wekundu kidogo. Nikamwomba mama mkwe anipe kila Jumapili asubuhi soksi za wiki nzima, zisizofuliwa, nami nitazisoma kama barua.

Nilizinunua mjini Kisii, duka la mzee mmoja wa Kihindi karibu na stendi, duka alilofungua babu yake. Nilipochukua dazeni ya tatu akavua miwani.

"Mama, hii timu yako inacheza ligi gani?"

"Ya Nyamira."

"Wachezaji wangapi?"

"Mmoja."

Akafikiri. "Anapiga mguu gani?"

"Wa kulia," nikamwambia. "Ule ambao hana."

Akanifungia soksi zangu bila kuuliza tena.

Barua zile zilikuwa tamu. Jumapili hii alama ya njano upande wa nje, nafungua kikombe, nakwangua kidogo, alama inatoweka. Jumapili ijayo nyingine chini, naongeza kipande cha ngozi laini, nayo inatoweka. Nilizungumza na mwili wa baba mkwe miezi miwili bila sisi wawili kupeana hata salamu ndefu. Kisha soksi zikaanza kuja safi. Wiki moja, wiki mbili, wiki tatu, nyeupe pee, hakuna doa. Nilifurahi jamani. Msimamizi wangu alipokuja kutoka Nairobi nilimweleza njia yangu kwa madaha, nikamwonyesha soksi za mwanzo na za mwisho, akaandika kwenye daftari lake, akanipongeza kwa kubuni.

Nilikuwa nimebuni upumbavu. Jumapili ya nne mama mkwe aliponipa soksi akanung'unika kwamba sabuni inaisha upesi siku hizi.

"Kwani unafua sana?"

"Si mimi. Ni mzee. Anajifungia nyuma ya zizi la ng'ombe, anafua soksi zake mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Mtu ambaye hajawahi hata kubeba sahani yake."

Nilizinusa. Zilinuka sabuni. Mzee alikuwa amegundua kwamba soksi zinasema, akaziziba mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa hata kifo hakikuhitajika, daktari na msumeno wake walitosha. Juu ya goti. Wiki nne!

"Yuko wapi?"

"Ameshuka kwenye chai."

Nilishuka mbio. Nilimkuta mistari ya chini kabisa, pale chai inapokaribia kumfunika mtu. Alidhani yuko peke yake. Mguu alikuwa ameuvua, umelala kando na gamubuti lake. Suruali ameikunja. Kigutu kilikuwa wazi juani, na pembeni pake, upande wa nje, kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Mke wa mwana mwenye adabu angegeuka. Angekohoa, angeondoka, angengoja kumwambia mama mkwe. Mzee akanyakua kofia yake akaifunika pale. Tukabaki hivyo, yeye ameshika kofia na mimi nimeshika matawi ya chai.

"Tata," nikasema, ndivyo tunavyomwita baba, "watakukata juu ya goti."

"Najua."

"Unajua, na unafua soksi?"

Hasira ilinitoka kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, na nilipoisikia niliogopa. Hakunigombeza. Alitazama mto.

"Ukiona kidonda utasema nivue mguu wiki tatu, nikae."

"Ndiyo, nitasema."

"Nikivua, kinaanza."

"Nini kinaanza?"

Nikapiga magoti kwenye majani makavu, mbali kidogo. Akasema, "Funga macho." Nikayafunga. Nikasikia kofia ikiondolewa. Alinyoosha kigutu kikagusa mkono wangu.

Miaka yote ya kazi yangu sijapima mguu vizuri kama siku ile, kipofu. Vidole viliniambia kila kitu: mfupa wa nje unaosukuma ngozi, joto la kidonda, uvimbe unaoishia chini sana ya goti. Nilibonyeza kando ya kidonda polepole. Hakikuwa na kina. Usaha haukuwepo.

"Hapa je?"

"Hapo," akasema. Neno hilo nililingoja mwaka mzima. "Hapo panauma. Na hapo."

"Tata, goti litabaki. Ukipumzika, litabaki."

Akasema upesi upesi, kama mtu anayekiri wizi. "Vidole vimekunjana. Vya mguu ule walioukata. Nikivaa mguu wako vinanyamaza. Nikiuvua vinajikunja kwa ndani, vinabana, kucha zinanichoma. Mke wangu sijamwambia. Atasema nimerukwa na akili, au nimerogwa. Nadhani waliuzika vibaya. Waliukunja."

"Hujarukwa na akili. Wote wanavisikia."

"Wote?"

"Kila mtu niliyemtengenezea mguu. Hakuna hata mmoja asiyevisikia."

Nikasikia analia, mzee yule, kwa kujizuia, kikohozi kikubwa kwanza halafu vidogo. Sikufungua macho. Lakini mikono yangu haikuwa na la kufanya, na mimi sikuwa na dawa, kitabu chetu hakikuwa nayo. Nikasogea karibu, nikaiteremsha kutoka kwenye kigutu, chini, hewani, mpaka pale ambapo unyayo wake ungekuwa. Nikashika kidole gumba ambacho hakipo. Nikakinyoosha. Nikashika kinachofuata.

Hakuuliza ninafanya nini. Nilikwenda polepole, kimoja kimoja, nikasikia paja lake lililogusa bega langu likianza kulegea. Nilipofika cha nne nikaacha.

"Bado," akasema. "Kile kidogo bado."